Usiniambie Injini Ilikufa Ghafla

Katika kila gereji ya Dar es Salaam niliyowahi kukalia benchi lake, nimesikia sentensi ileile: "Gari lilikuwa zima kabisa, mara injini ikanoki." Mwenye gari anaisema akiwa ameshika kichwa. Mafundi wanaitikia kwa upole, kama watu walioko msibani. Mimi siku hizi siitikii. Niliwahi kuisema sentensi hiyo mwenyewe, kwa mtu niliyemuumiza, nikijua kabisa kwamba ni uongo.

Injini haifi ghafla. Mkanda wa taimingi ukikatika, sawa, sekunde moja inatosha. Lakini hata mkanda huo una kilomita zake zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mengine yote hutoa taarifa. Tatizo letu si kukosa dalili. Tatizo letu ni kwamba tumejenga utamaduni mzima wa kuzinyamazisha.

Nilikuwa na Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, yenye injini ya EJ20 na tabo. Kwa vijana wa Afrika Mashariki gari hili halihitaji utambulisho. Impreza ilishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Tulirithi mapenzi hayo pamoja na ule muungurumo wake. Katika Impreza za zama zile, muungurumo ule unatokana na mabomba ya eksozi yenye urefu usiolingana, ndiyo maana moshi wa silinda nne hautoki kwa mdundo mmoja. Mimi nilitaka uzidi. Nikabadilisha eksozi, nikafunga spika kubwa nyuma. Yaani nilinunua kelele mbili kabla sijanunua kipimo hata kimoja.

Dalili ya kwanza ilikuwa kijiti cha oili. Nilimwaga oili mpya, na kabla ya kilomita elfu mbili kijiti kikawa kinaonyesha chini, bila tone lolote sakafuni. Nikasema magari ya tabo ndivyo yalivyo, yanakula oili. Ya pili ilikuwa moshi wa bluu kila nilipokanyaga mafuta kupanda mlima. Nikasema ni tabo imechoka. Ingeweza kuwa tabo kweli, na mtu mwenye akili huikagua kwanza kabla hajafungua injini. Mimi sikukagua tabo wala injini. Nilitumia uwezekano mmoja kufukuza mwingine. Ya tatu, nguvu zilipungua, na gari likawa linatetemeka linaposimama kwenye taa. Nikabadilisha plagi. Plagi ya zamani ilitoka imelowa oili; nikaifuta, nikaitupa.

Ya nne ilikuwa mlio. Ko-ko-ko, chini kabisa, ukifuata mzunguko wa injini. Kuna mgongano wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto. Mara nyingi huo ni pistoni inayochezacheza kabla haijatanuka, na mtu anaweza kuishi nao. Wangu ulikuwa kinyume. Ulizidi kadiri injini ilivyopata moto. Nilipoongeza sauti ya muziki, ulipotea.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee. Baada ya shikamoo na marahaba, alizima redio, akasikiliza, akachomoa kijiti na kukifuta kwenye kitambaa cheupe. Kwenye oili kulikuwa na chembe zinazong'aa kama unga wa dhahabu. "Mdogo wangu," akaniambia, "hizi ni beringi za konrodi. Tuishushe injini sasa, maana krenki bado inaweza kuokolewa." Akanitajia gharama ya ovaholi. Nikamshukuru, nikaondoka, nikatafuta gereji nyingine.

Gereji ya pili walinipa nilichokwenda kutafuta. "Weka oili nzito, itatulia." Na kweli, ilitulia. Sababu si muujiza. Kati ya beringi na krenki kuna nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na utando wa oili ndio unaozuia chuma kisiguse chuma. Beringi ikilika, nafasi inakuwa kubwa na vyuma vinagongana. Oili nzito inajaza nafasi hiyo kwa muda na kuufunika mlio. Haitibu kitu. Inakupa wiki kadhaa za ukimya, na ukimya huo una soko.

Mimi niliuuza. Mnunuzi alikuwa kijana mdogo kwangu, aliyekuwa ameanza kazi karibuni na kujinyima ili apate gari hilo. Aliniuliza, "Kaka, injini ikoje?" Nikawasha, nikafungua boneti, nikamwambia, "Sikiliza mwenyewe." Akasikiliza. Akatabasamu. Akalipa.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu akiwa kando ya barabara, karibu na Chalinze, dada yake ndani ya gari na malori yanawapita. Konrodi ilikuwa imekatika na kutoboa ubavu wa injini. Nikamwambia: "Pole sana. Mbona lilikuwa zima kabisa?"

Nilipowasimulia marafiki, watu wenye shahada zao, wengi walinitetea. Biashara ni biashara, walisema. Mwenye macho haambiwi tazama. Naipinga methali hiyo inapotumiwa hivi. Niliweka oili nzito ili asisikie, halafu namlaumu kwa kutosikia? Huo si ujanja wa mjini, ni wizi uliopambwa kwa methali. Kama tunatafuta methali, ipo inayotuhusu zaidi: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ubaya ni kwamba kwenye magari kifo humuumbua mnunuzi.

Wengine walisema ovaholi ni ghali, maskini afanyeje? Hoja hiyo naiheshimu zaidi, lakini haisimami. Ovaholi ya mapema hubadilisha ringi, beringi na gasketi. Ukisubiri, unanunua krenki, na ukisubiri tena, unanunua injini nzima ya mtumba ambayo nayo huijui historia yake. Kuchelewa hakupunguzi gharama. Kunaihamisha tu, na aghalabu kwenda kwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wako.

Kwa hiyo, ewe unayetaka kununua gari la namna hii, acha aibu. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Chomoa kijiti, futa kwenye kitambaa cheupe, tazama juani. Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, huenda maji na oili vimekutana, na gasketi ina kesi ya kujibu. Dai kipimo cha kompresheni kwa silinda zote nne. Silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, usinunue kabla hujajua kwa nini. Fundi akitia oili kidogo ndani ya silinda hiyo na kipimo kikapanda, ringi ndizo zinazoshukiwa. Kisipopanda, tazama valvu au gasketi. Kazi hii haimalizi nusu siku. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu lako.

Na wewe unayeuza, andika namba hizo kwenye karatasi, umpe mnunuzi pamoja na kadi ya gari. Bei itashuka. Ishuke. Hiyo ndiyo bei halisi ya gari lako.

Kijana yule nilimrudishia fedha zake kwa mafungu, kwa miezi tisa. Fungu la mwisho alilipokea bila kuhesabu, akaniuliza swali moja tu: "Siku ile uliponiambia nisikilize, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu ndiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema ukweli kuhusu gari lile, na haikumsaidia chochote.