Keekee ya Mezani: Mnunuzi Asitazame Mota Tu

Katika karakana za uani huko Mabawa, Tanga, fundi wa mageti na madirisha ya chuma aghalabu huanza kazi kwa keekee ya kushika mkononi. Apatapo akiba hutamani ile ya mezani, na afikapo dukani huulizia jambo moja tu: nguvu ya mota. Hapo ndipo fedha yake hupotea.

Mota ya wati 350 yatosha kutoboa tundu la milimita 10 katika chuma laini. Jambo kubwa ni mwendo. Makali ya biti ya kawaida hukata vema yakisafiri kiasi cha mita 25 kwa dakika. Kwa biti ya milimita 10, huo ni mwendo wa mizunguko 800 hivi kwa dakika. Kwa ya milimita 3, yapata 2,650. Mashine isiyoweza kushuka chini ya mizunguko 1,400 itaziunguza biti nene, hata mota yake iwe kubwa namna gani. Yafaa basi mnunuzi afunue kifuniko, azikague puli za mkanda, kisha aushushe mhimili hadi mwisho na kuusukuma huku na huko kwa kidole. Ukicheza, aiache mashine hiyo dukani. Ugonjwa huo hauna dawa ya uani.

Kasoro nyingine hutibika. Waya mgumu uliopindwa, ukabanwa mahali pa biti na kuzungushwa kwa mkono, utaonyesha kama meza imeinama: ncha itagusa upande mmja na kuacha nafasi upande mwingine. Kipande cha bati la kopo chini ya ubao uliofungwa juu ya meza chaweza kuondoa tofauti hiyo. Mashine nyepesi hutulia ikikazwa kwa bolti juu ya benchi zito, na nguzo yake yahitaji mafuta mara kwa mara, kwani hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na chuma.

Fedha ya mota kubwa afadhali inunue jiliwa la kufungwa mezani. Bati lililoshikwa kwa mkono huwa hatari zaidi biti inapotokeza upande wa pili: makali hunasa, na bati huzunguka kama upanga. Glovu nazo, ambazo wengi huzidhania kinga, hunaswa na kuuvuta mkono. Zivuliwe kabla mashine haijawashwa.