Wachache Waliojipanga

Ndugu msomaji, kila jioni barazani twasema kwamba wakubwa wa serikali wamenunuliwa. Huenda wako walionunuliwa; mimi sina ushahidi, na kumdhania mtu vibaya ni dhambi. Bali nakuuliza wewe: jambo linapomgusa mwanao, nani huwaendea wakubwa hao? Wewe, au yule mwenye mali yake ya kulinda?

Tazama mambo ya tumbaku. Disemba 1953 wakuu wa makampuni ya sigara ya Marekani walikutana katika hoteli ya Plaza mjini New York. Watu hawa walikuwa mahasimu, kila mmoja akimwania mnunuzi wa mwenziwe. Khofu ndiyo iliyowapatanisha, maana wataalamu walikwisha onyesha kwamba lami ya sigara ikipakwa panya huwatia saratani. Tarehe 4 Januari 1954 wakatangaza katika magazeti zaidi ya 400 kwamba afya ya watu kwao iko mbele ya biashara, na kwamba wataunda kamati ya utafiti. Hawakuwa na haja ya kuthibitisha kuwa sigara haidhuru. Iliwatosha watu waseme, "Wataalamu bado wakhitilafiana." Mwaka 2006 ndipo jaji Gladys Kessler alipohukumu huko Marekani kwamba makampuni yalikula njama ya kuwadanganya watu. Miaka 52! Makaburi hesabu mwenyewe.

Wala usidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Hapa Kenya sheria ya tumbaku ilipitishwa mwaka 2007, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2014. Kanuni hizo zilitaka watengenezaji na waagizaji watoe asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao, tena zikabana makutano yao na watumishi wa serikali. Kampuni ya British American Tobacco ikaenda kortini. Ikashindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Mahakama ya Rufaa, na Novemba 2019 ikashindwa Mahakama ya Juu. Lakini sikiliza mojawapo ya hoja zake: ati watu hawakushauriwa vya kutosha kabla ya kanuni kutungwa! Haki hiyo imo katika Katiba ya 2010. Kampuni iliisoma; sisi tulikuwa barazani.

Sababu yake si ngumu. Asilimia 2 ni khasara ya wachache, na kila mmoja wao aijua kiasi chake hata senti. Kumlipa wakili kwake ni rahisi kuliko kunyamaza. Khasara yetu imetawanyika. Huyu akohoa Lamu, yule akohoa Kisumu, hawajuani, na kila mmoja adhani maradhi ni yake peke yake. Kujipanga si haramu. Wavuvi hujipanga, na walimu hujipanga (nao wakigoma twawatukana). Kilicho haramu ni kuuza shaka ukaiita ilimu.

Karibu na madrasa yangu liko duka liuzalo sigara mojamoja, jambo ambalo sheria ya 2007 imelikataza. Niliwaalika wazazi twende kwa chifu. Wana wao ni zaidi ya sitini. Wazazi walikuja watatu, na mmoja wao, tulipokuwa twangoja, aliomba radhi akatoka nje kuvuta.