"Andika Amina": Tunaomba Dua au Tunatafuta Hesabu?



Ndugu wazazi, shukrani zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Tulipokuwa tukichangisha fedha za sare, vijana wetu wa madrasa waliweka Facebook picha ya yatima mmoja, mtoto wa kiume. Chini yake wakaandika: "Ukipita bila kuandika Amina, moyo wako ni jiwe." Amina zikaja kwa mamia. Michango haikutosha hata sare mbili. Na yule mtoto, huko shuleni wenzake wakaanza kumwita "Amina". Alikuja kutuuliza kama picha inaweza kufutwa. Tuliifuta siku hiyo hiyo, lakini watu walikuwa wameshaisambaza.

Kosa si la vijana peke yao. Sisi walimu ndio tuliowaambia watafute watu wengi, wala hatukuwafundisha namna ya kuandika.

Jambo hili si geni. Wengi wetu tunaikumbuka ile barua ya ndoto ya Sheikh Ahmad, anayedaiwa kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina: toa nakala, sambaza, usipofanya utapatwa na msiba. Mwaka 1908 barua ya namna hiyo ilizagaa Lindi, wakati wa Wajerumani. Sheikh Ibn Baz (Allah amrehemu) aliandika kuikanusha. Leo badala ya fotokopi tuna simu, vitisho ni vile vile. Hata Facebook wenyewe walitangaza mwaka 2017 kwamba posti zinazowashurutisha watu kulaiki na kusambaza zitashushwa zisionekane na wengi.

Wapo watakaosema nia ni njema, tunataka da'wa ifike. Ni kweli, na kutaka watu wajibu si vibaya. Lakini Suratun-Nahl (16:125) inatuamrisha kulingania kwa hekima na mawaidha mazuri. Kumhukumu moyo mtu usiyemjua kwa sababu hakuandika neno moja, hekima iko wapi?

Kwa hiyo tumewaambia vijana wetu haya:

1. Uliza swali ambalo kweli unataka jibu lake, mfano: "Mtoto wako anahifadhi sura gani wiki hii?"
2. Omba kitu kinachojulikana: sare ngapi, bei gani, zipelekwe wapi.
3. Mtu akiandika, mjibu. Salamu hujibiwa.
4. Picha ya mtoto isiwekwe bila idhini ya mlezi wake, na mtoto mwenyewe aulizwe.

Wazazi, leo usiku muombeni kijana wenu awaonyeshe alichoandika mara ya mwisho. Muulizeni: maneno haya ungeweza kumsomea huyo wa kwenye picha, uso kwa uso?

Yule mtoto ameanza kuja madrasa tena. Mwiteni kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq.