Mwili Usiorudishwa Kwao

Kijana wa Mosocho, Kisii, huingia chuo cha udaktari akiwa tayari amehudhuria mazishi mengi. Amechimba kaburi na vijana wa ukoo, amekesha matangani, ameona mwanamume akilazwa upande wa kulia wa nyumba yake na mwanamke upande wa kushoto. Anajua kwamba Mgusii akifia Nairobi au Mombasa, ndugu watachanga pesa za gari la maiti hata kama karo ya watoto haijalipwa, kwa sababu marehemu sharti arudi kwao. Kisha katika mwaka wa kwanza anavaa koti jeupe, anaingia chumba ambacho formalini inachoma macho, na anakabidhiwa kisu mbele ya mtu ambaye hakurudishwa kwao.

Toleo hili la jarida letu tumewapa wanafunzi hao. Walimu wa anatomia wanayajua sana yanayowapata. Kuna wanaozirai siku ya kwanza. Wengi hupoteza hamu ya kula, hasa nyama, na usingizi huja na ndoto mbaya. Majuma machache yakipita wengi huzoea, na hapo shule huona shughuli imekwisha. Mimi naamini haijaisha. Mwanafunzi amejifunza kuona msuli na mshipa bila kuona mkono, na ustadi huo anauhitaji, maana hakuna mpasuaji awezaye kufanya kazi huku analia. Lakini siku kitambaa kinapotolewa usoni, au darasa linapofika kwenye viganja na kukuta kucha na makovu ya jembe, yule mtu anarudi. Mwanafunzi hukumbuka babu yake. Hana wa kumwambia, kwa hiyo hutania, au hunyamaza.

Miili hiyo hutoka wapi? Hope Gangata na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba shule nyingi za udaktari walizozichunguza barani Afrika zilitegemea miili ambayo hakuna aliyekuja kuichukua. Wanafunzi wanalijua jambo hili bila kuambiwa. Katika nchi ambayo mjane na ukoo wa Umira Kager walishtakiana hadi Mahakama ya Rufani juu ya mwili wa S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, mtu kubaki mochari bila wa kumdai ni msiba juu ya msiba. Nadhani hapa ndipo penye uzito wenyewe. Harufu huzoeleka. Linalobaki moyoni ni kuhisi umeshiriki katika kumnyima mtu haki ambayo mama yako angeuza ng'ombe ili uipate.

Abagusii si wageni wa upasuaji. Ababari wetu, wapasuaji wa jadi, walifungua ngozi ya kichwa cha mtu aliyeumia na kukwangua fuvu, kazi iliyowashangaza wataalamu wa nje kiasi kwamba Mjerumani Rolf Meschig aliichunguza kwa kina na kuchapisha utafiti wake mwaka 1983. Sidai kwamba tuirudie. Ninachokitazama ni kwamba omobari alimshika mtu mwenye jina, aliyeletwa na jamaa zake. Daktari wa leo huanza na mtu asiye na jina wala jamaa, na hakuna anayemfundisha la kufanya na pengo hilo.

Chuo Kikuu cha Tzu Chi, huko Hualien, Taiwan, kimelifundisha jambo hilo. Watu hutoa miili yao kwa hiari, na wanafunzi huitembelea familia ya marehemu kabla ya kumpasua. Masomo yakiisha huushona mwili, huuvisha nguo, na kuusindikiza pamoja na jamaa zake. Kenya pia sheria inamruhusu mtu kuusia mwili wake, ingawa ni boma gani la Kisii au Nyamira ambako neno hilo limewahi kutamkwa mbele ya wazee? Mazungumzo hayo yatachukua miaka, na ni heri yaanze sasa.

Yapo yasiyohitaji kusubiri. Mkufunzi azungumze na darasa kabla ya siku ya kwanza, na aseme wazi kwamba kutetemeka si udhaifu. Mwanafunzi aliyezika mzazi juzi aruhusiwe kuchelewa. Na masomo yakiisha, chuo kizike hadharani: wanafunzi wenyewe wachimbe kaburi kama walivyochimba nyumbani, pawe na sala na shukrani.

Nimesikia jibu kwamba silabasi ni ndefu, na kwamba waliotangulia walivumilia. Walivumilia, ndiyo, na gharama ya uvumilivu huo hulipwa wodini, na mama anayeambiwa saa tisa usiku kwamba mtoto wake amekufa, kwa sauti ile ile inayosomea majibu ya maabara. Daktari huyo hakuzaliwa hivyo. Aliufunga moyo akiwa na miaka 19 ili amalize muhula, na hakuna aliyerudi kumsaidia kuufungua.

Wanafunzi waliotuandikia wameomba majina yao yasitajwe, kwa kuwa baadhi hawajawaambia wazazi kwamba wanashika maiti. Tumewakubalia. Wakufunzi wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Kisii na kwingineko, tunawaomba mzisome kurasa hizi kabla ya kupanga ratiba ya darasa lijalo, na mtujibu. Toleo lijalo tumewatengea nafasi.