Mashine Iliyo Hemani mwa Mtawala



Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu insha yenye kichwa "Kiongozi Nisiyemsahau". Nilitarajia kusoma habari za Nyerere na Mandela, na wengi hawakuniangusha. Lakini mmoja wao aliandika juu ya mtawala ambaye hajawahi kuzaliwa. Jina lake ni Caesar, naye anaishi ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Fallout: New Vegas. Sentensi ya mwisho ya insha hiyo ilisema: "Aliwanyima watu wake dawa, lakini mashine ya kumtibu yeye aliiweka hemani mwake."

Nilimpa alama alizostahili, kisha nikamwomba anieleze mchezo wenyewe. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba michezo ya namna hiyo hula muda wa wanafunzi bila faida yoyote. Leo nakiri kwamba nilikosea, ingawa si kabisa. Michezo hii inasema kweli juu ya watawala na inasema uongo juu ya ugonjwa, na raia anayejifunza kufikiri anapaswa kuyatambua yote mawili. Atakayetaka kuicheza mwenyewe asubiri kusoma makala hii, kwa maana nitafichua siri zake.

Tuanze na neno lenyewe. Saratani ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Ni ugonjwa ambao chembe za mwili huzaliana bila kufuata utaratibu, zikavamia sehemu nyingine na kung'ang'ania humo. Mitaani tunasema kansa. Maneno yote mawili ni sahihi, ila katika maandishi rasmi chagueni saratani.

Mfululizo wa Fallout ulianza mwaka 1997. Hadithi yake inasimulia dunia iliyoteketezwa kwa mabomu ya nyuklia mwezi Oktoba mwaka 2077, na watu waliosalia wanaishi katika magofu. Maji yana mionzi, chakula kina mionzi, hata ardhi ina mionzi. Mchezaji anapokunywa maji ya dimbwi, kipimo cha mionzi mwilini hupanda. Afanye nini? Anatumia mfuko wa dawa iitwayo RadAway, mfano wa dripu, na kwa muda mfupi mionzi yote imeondoka. Anainuka na kuendelea na safari kana kwamba alikuwa amechafuka vumbi tu.

Hapa ndipo ulipo uongo. Mionzi haioshwi hivyo. Sadako Sasaki wa Hiroshima alikuwa na umri wa miaka 2 bomu lilipoangushwa mwaka 1945. Alikua akicheza na kusoma kama watoto wengine, na saratani ya damu ilimuua mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 12. Baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl ya mwaka 1986, watoto wengi walikunywa maziwa yenye iodini ya mionzi. Kufikia mwaka 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamepatikana na saratani ya tezi ya shingo, na sehemu kubwa ya wagonjwa hao inahusishwa na iodini hiyo. Madhara ya mionzi huweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kujitokeza. Mchezo hauwezi kusubiri miaka kumi, kwa hiyo umeifanya mionzi kuwa uchafu unaosafishika. Mwananchi wa kawaida katika dunia hiyo iliyojaa mionzi ni nadra sana kumwona akiugua saratani.

Basi, ni nani anayeugua? Wagonjwa wawili wa saratani wanaokumbukwa zaidi katika mfululizo huu ni watawala.

Wa kwanza ni huyo Caesar, ambaye askari wake hulitamka jina lake karibu sawa na Kaisari tunayemjua kwa Kiswahili. Mchezo wake ulitolewa mwaka 2010, na hadithi yake inatukia mwaka 2281 katika jangwa la Mojave, Marekani. Ujanani alilelewa na kusomeshwa na kundi la walimu na matabibu wanaowahudumia maskini. Aliyageuza maarifa aliyoyapata kwao kuwa silaha, akayateka makabila 86, akawafanya watu watumwa na kuunda jeshi moja kubwa. Katika jeshi hilo dawa za kisasa ni marufuku. Askari aliyejeruhiwa hupewa unga wa mitishamba, na asipopona, basi.

Lakini Caesar ana uvimbe katika ubongo. Kichwa humuuma, na mara nyingine fahamu humpotea kwa kitambo. Ni wachache sana wanaoijua siri hiyo. Na hemani mwake, nyuma ya kiti chake cha enzi, iko mashine ya tiba ya zama za kale, ya aina ile ile ambayo sheria yake inaikataza. Mashine yenyewe ni mbovu. Mtawala aliyeyadharau maarifa hana fundi wa kuitengeneza, na maelfu ya askari waliofundishwa kuua hawawezi kumsaidia. Analazimika kumgeukia mgeni, tarishi aliyeingia kambini kutoka nje. Huyo tarishi ndiye mchezaji.

Wa pili ni mkuu wa Taasisi katika Fallout 4, mchezo wa mwaka 2015. Watu humwita Baba. Taasisi yake imejificha chini ya ardhi huko Boston, na wanasayansi wake wana uwezo wa kuunda viumbe wanaofanana kabisa na binadamu. Hata hivyo, Baba anakufa kwa saratani. Anapoona siku zake zinahesabika, anamchagua mzazi wake mwenyewe, ambaye ndiye mchezaji, awe mrithi wa uongozi. Hapigi kura yeyote. Baadhi ya wanasayansi wanakasirika hata wanajifungia katika idara yao na kugoma. Nani atawalaumu? Mtu aliyefika juzi tu amekabidhiwa nyumba nzima kwa sababu ya udugu.

Tazameni basi jinsi hadithi hizi mbili zinavyofanana. Mwili wa mtawala unapougua, dola nzima inatikisika, kwa kuwa hakuna sheria inayosema nani afuate. Caesar akifa, uongozi unamwendea jemadari anayeogopwa na watu wake mwenyewe. Kwa hiyo ugonjwa unafichwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nchi yenye katiba inayoheshimiwa haina haja ya kutetemeka kila kiongozi anapokohoa, kwa sababu kiti ni cha wananchi na taratibu za kumpata mwingine zinajulikana.

Niliwauliza wanafunzi wangu: kama ungekuwa wewe tarishi, ungemtibu Caesar? Mchezo unakuruhusu kumpasua na kumponya, na pia unakuruhusu kumuua makusudi akiwa amelala mezani. Darasa liligawanyika, na wengi walipaza sauti kwamba auawe. Mimi sikubaliani nao, na nawaeleza waziwazi sababu yangu. Mgonjwa aliyelala mezani ni mgonjwa, hata akiwa dhalimu. Mahali pa kumhukumu ni mahakamani, na mahali pa kumwondoa ni katika sanduku la kura. Siku tutakapomruhusu daktari aamue nani anastahili kuishi, wa kwanza kuumia hatakuwa mtawala. Atakuwa maskini asiye na mtetezi. Kosa la Caesar si kwamba anataka kupona. Kosa lake ni kwamba ameufunga mlango aliopitia yeye.

Mnaweza kuniambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya kubuni." Ni kweli. Lakini kisa cha mashine mbovu hakikuanzia mchezoni, wala hakikuishia humo. Hapa kwetu Uganda, mwaka 2016, mashine ya tiba ya mionzi iliyokuwa pekee nchini iliharibika, nayo ilikuwa pale Mulago, Kampala. Ilikuwa imetumika kwa takribani miaka ishirini. Mionzi ile ile inayosababisha saratani, ikipimwa na kuelekezwa kwa ustadi, huua chembe za saratani, na mashine hiyo ilifanya kazi hiyo kwa kutumia kobalti. Ilipozimika, wagonjwa waliohitaji tiba hiyo hawakuwa na mahali pengine pa kwenda nchini. Waliobahatika walisafiri hadi Nairobi. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya mashine mpya kuanza kazi.

Wakati huo nilikuwa na shangazi aliyekuwa na uvimbe titini. Aliuficha chini ya kanga kwa miezi mingi. Tulipogundua na kumuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mwanangu, ningesema ili iweje?" Alifariki kabla ya mwaka kwisha. Nimelifikiri jibu lake mara nyingi. Caesar aliuficha ugonjwa wake ili asipoteze kiti. Shangazi aliuficha wake kwa sababu hakuona mlango wowote mbele yake. Mtu akishaamini kwamba hakuna tiba, hata dalili ya mapema haimsaidii.

Ndiyo maana nasema saratani ni somo la uraia, si la biolojia peke yake. Kuna saratani tunazoweza kuzizuia. Saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wengi nchini mwetu, husababishwa na virusi, na chanjo yake ipo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchini kote mwaka 2011, na Uganda ikafuata mwaka 2015. Chanjo hizo hazikuletwa na shujaa mmoja mwenye bunduki jangwani. Zilihitaji bajeti, wauguzi, walimu wa kuwaandikisha wasichana, na wazazi waliokubali.

Hapo ndipo ninapoilaumu zaidi michezo hii. Inamfundisha kijana kwamba mambo hutengemaa pale mtu mmoja hodari anapofika na kipuri mkononi. Katika maisha halisi mashine hudumu kwa sababu kuna mtu aliyeuliza, mwaka baada ya mwaka, fedha za matengenezo ziko wapi na fundi amesomeshwa au la. Kuuliza hivyo hakuhitaji ushujaa. Kunahitaji raia anayejua kusoma bajeti, kuhudhuria mkutano wa baraza na kusema kwa lugha inayoeleweka. Lugha hiyo mnajifunza sasa.

Basi chezeni, lakini mkimaliza ulizeni: mashine iko hemani mwa nani, na ikiharibika, nani mwingine ana njia?

Maswali ya mjadala

1. Je, wananchi wana haki ya kujua afya ya kiongozi wao? Mipaka iwe wapi?

2. Linganisha sababu ya Caesar ya kuficha ugonjwa na sababu ya shangazi wa mwandishi.

3. Andika barua rasmi kwa diwani wako ukiuliza kuhusu huduma za uchunguzi wa saratani katika eneo lako. Zingatia anwani, mada na tamati.

Wenu katika kujifunza,
Mwalimu