Kujitawala Kuanzie Kwenye Sanduku la Kikundi



Jumamosi moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, tulikaa watu ishirini na wanane barazani kwa mwanachama mwenzetu hapa Morogoro, tunalitazama sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Saa tisa ilishapita. Sanduku letu ni la bati, la bluu, lina kufuli tatu. Funguo zake wanazo watu watatu wa nyumba tatu tofauti, na sanduku lenyewe analitunza mtu wa nne. Kufuli mbili zilikuwa tayari zimefunguliwa. Ya tatu ilikuwa inamsubiri mama mmoja anayeuza ndizi mbivu sokoni, na mvua ilikuwa inashuka kutoka milima ya Uluguru kana kwamba haitakatika.

Kijana mmoja alikuja kuchukua mkopo wa kununulia cherehani. Mzee mmoja alihitaji pesa za mfuko wa jamii, mjukuu wake amelazwa. Fedha zipo, wenyewe tupo, daftari limefunguliwa, na bado hakuna lililoweza kufanyika.

Mama akafika saa tisa na robo, kanga imelowa chapachapa, ndala mkononi. Bodaboda ilikwama njiani, akashuka akatembea. Hakutoa maelezo marefu. Akafungua kufuli, na kabla hajakaa akaweka sarafu ya shilingi mia tano kwenye bakuli, faini ya kuchelewa. Mwenyekiti akasema, "Mama, leo kwa mvua hii tunakusamehe." Akakataa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wiki mbili nyuma kijana wa bodaboda alitozwa faini hiyohiyo, na yeye alikuwa mmoja wa walionyoosha mkono atozwe, na siku ile pia mvua ilikuwa inanyesha.

Nimehudhuria semina nyingi za uongozi na kusikiliza hotuba nyingi. Ile sarafu ikigonga bakuli la plastiki imenikaa kichwani kuliko zote, na ndiyo inayonifanya niwaandikie.

Kiswahili chetu kilitupa neno zito tulipokuwa tunadai uhuru: kujitawala. Wazee waliposema Tanganyika inataka kujitawala, walikuwa na maana ya kumwondoa mtawala mgeni, na tarehe 9 Desemba 1961 jambo hilo likatimia. Lakini lisikilize neno lenyewe. Anayejitawala ana raia mmoja tu, naye ni nafsi yake. Tulilipa neno hilo kazi ya taifa tukaisahau kazi yake ya kwanza, ile ya mtu na nafsi yake: kuamka alipojiambia ataamka, kurudisha alichoazima, kutoigusa fedha ya watu hata pale ambapo hakuna jicho linalomwona. Ombi langu kwenu ni tulirudishe neno hili nyumbani, na pa kuanzia naona ni palepale kwenye sanduku.

Utaratibu huu una asili yake. Ulianza Niger mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipoanza kufanya kazi na wanawake wa vijijini waliokuwa wakichangishana kidogokidogo, ukasambaa Afrika, na leo huku kwetu karibu kila mtaa una VICOBA au kikundi cha hisa. Uzuri wake ni kwamba haumtegemei malaika. Kufuli ni tatu kwa sababu binadamu ni binadamu. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, hisa hugongwa mhuri kwenye kitabu cha kila mmoja ili hata asiyejua kusoma aone idadi ya mihuri yake, na mwisho wa kikao salio hutangazwa ili kila mtu aondoke nalo kichwani. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, kufuli zote tatu haziwezi kumlazimisha mtu kuleta marejesho. Mkopo ukishatoka sandukuni umetoka. Kuanzia hapo kinachoulinda ni mwenye nao peke yake, chumbani kwake, siku ya tano kabla ya kikao, anapozitazama noti na shida nyingine inabisha hodi.

Hapo mimi mwenyewe nilianguka. Mwaka fulani nilikopa laki tatu kwenye kikundi, na siku ya marejesho ilipokaribia fedha nilikuwa nazo. Ikaja kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa jamaa yangu. Ndugu zangu, mnajua jinsi kadi ya harusi inavyotutia aibu. Nikatoa mchango mnono, jina langu likasomwa kwenye kikao cha maandalizi, watu wakapiga makofi. Jumamosi nikaenda kikundini mikono mitupu na sababu tatu zilizopangwa vizuri. Wakanielewa. Wiki ile mama mmoja alikuwa kwenye foleni ya kukopa ili akachukue mchele kabla bei haijapanda, na fedha alizokuwa apewe yeye zilikuwa hizo zangu. Nilipomfuata kumwomba radhi akaniambia, "Si kitu, baba. Mungu atafanya njia." Bei ikapanda. Hakunilaumu hata siku moja, na mpaka leo nikipita kwenye meza yake natamani angenilaumu.

Tunazoea kusema kukosa nidhamu ni kujiumiza mwenyewe. Mara nyingi anayeumia ni wa pili kwenye foleni, na mara nyingi hata hajui nani kamuumiza. Na kikundi kikivunjika kwa sababu ya watu wanne wenye maneno matamu, wale ishirini na wanne waliobaki hawaachi kuwa na shida. Wanakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, wanaweka rehani televisheni na kitanda, wanalipa kila siku jioni mpaka mtaji unaisha. Nimewaona akina mama wakijificha jikoni mdai anapopita. Wengi wao hawakuwa wazembe hata kidogo, kikundi chao ndicho kilichokufa.

Na jambo hili limeshatoka barazani likafika halmashauri. Kisheria kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha za ushuru wa soko na leseni za maduka yetu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upangwe upya, ikarejea mwaka 2024. Kabla ya hapo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilikuwa zimeonyesha mara kadhaa fedha zilizokopeshwa na hazikurejeshwa. Upo upande wa watendaji katika hilo, na waulizwe bila kuonewa haya. Lakini kuna upande wetu pia. Tunawajua watu waliokusanyana wiki moja, wakaandika katiba ya kikundi kwa kunakili ya jirani, wakachukua mkopo, wakagawana, wakatawanyika. Walikuwa wanasema hela ya serikali haina mwenyewe. Mwenyewe ni binti aliyemaliza mafunzo ya ususi mwaka uliofuata, akaandika andiko lake vizuri, akaambiwa mfuko hauna kitu.

Sasa wapo wanaosema, wakubwa waanze wao. Ni haki kabisa kusema hivyo, na historia yetu ina mfano. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wakanung'unikia pia mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni, na kama ile ilikuwa adhabu ya haki watu wanabishana hadi leo. Lakini katika hasira ileile aliikubali hoja yao moja, kwamba mishahara ya juu ilikuwa mikubwa mno, na akaanza na wa kwake: akaukata kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Miiko ile ililegezwa kwenye kikao kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991. Iwapo ilistahili kulegezwa ni mjadala mwingine, na wapo watu wa heshima pande zote mbili. Mimi najifunza jambo moja tu hapo. Mwiko ulioandikwa kikaoni unaweza kufutwa kikaoni. Ule ambao mtu amejiwekea moyoni, kama yule mama na sarafu yake, hakuna kikao kinachoweza kumfutia, hata mwenyekiti akimsamehe. Na viongozi hatuwaagizi kutoka ng'ambo. Diwani wa kesho yumo kikundini leo, ama analeta marejesho, ama anatunga sababu. Tunachokizoea kwake barazani ndicho tutakachokikuta ofisini.

Kwa hiyo nawaomba, na naanza na vijana, kwa sababu wengi mnaniandikia mkiuliza mtu anaanzaje kuwa kiongozi. Omba ukatibu wa kikundi. Hauna posho, hauna gari, hauna picha. Una daftari, kalamu, na watu ishirini na wanane ambao kila mmoja anakumbuka salio lake. Andika hesabu hiyo kwa miezi kumi na miwili bila kufuta kwa wino mweupe. Ukikosea, piga mstari, andika sahihi yako pembeni, mbele ya watu. Atakayefanya hivyo mwaka mzima nitamsikiliza kwa makini siku akisimama kuomba kura yangu ya uenyekiti wa mtaa.

Nawaomba na ninyi mlio na majina mtaani, watu wa heshima zenu. Msikubali kusamehewa faini. Mwenyekiti anapomsamehe mwalimu au mwenye duka la jumla, kijana wa bodaboda anaona, na anaanza kuhesabu moyoni ni lini na yeye atakuwa mkubwa wa kutosha kusamehewa.

Na sote, tulio vijijini hasa, tusiuache mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, na unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Mara ngapi tumelalamika kijiweni kwamba hesabu hazisomwi, ilhali siku ya mkutano wamefika watu tisa? Tukitoka wengi na tukauliza kwa adabu, "Ndugu mwenyekiti, mara ya mwisho salio lilikuwa shilingi ngapi?" tutakuwa tumefanya palepale kile tunachokifanya kila Jumamosi kikundini. Ni swali lilelile. Tofauti ni ukubwa wa sanduku.

Najua kuna wiki ngumu. Kuna mwezi ambao mtoto anaumwa, biashara imelala, na hata laki moja haionekani mbali wala karibu. Simwiti mtu huyo mkosefu. Namwomba aje tu. Aje mikono mitupu, asimame, aseme kweli: sina, nitaleta nusu baada ya wiki mbili. Nimeona vikundi vikimbeba mtu wa namna hiyo mwaka mzima, wakamchangia, na Desemba akapata mgao wake akanunua mabati. Kinachoua kikundi ni simu iliyozimwa siku ya kikao.

Mimi laki tatu zile nilizimaliza, na faini zake zote, ingawa mchele wa yule mama sikuweza kuurudisha. Mwaka huu nimekabidhiwa ufunguo wa kufuli ya pili. Nimeufunga kwa uzi mweusi, unalala kwenye msumari juu ya kitanda, na Jumamosi natoka nyumbani saa nane na nusu, maana kutoka kwangu hadi barazani ni mwendo wa dakika ishirini na mawingu ya Uluguru hayaombi ruhusa. Kikao kinafunguliwa kwa katibu kuuliza salio la wiki iliyopita. Wewe nawe, popote kikundi chako kinapokaa, fika kabla hajauliza, na ujibu.