Gololi na Kikombe

Vijana wetu husema kompyuta imekwisha kuua kazi za mikono. Lakini mwaka 2023 Pinocchio ya Guillermo del Toro ilipata tuzo ya Oscar, nayo ni filamu ya vikaragosi vilivyosogezwa kwa vidole, kidogo kidogo, na kupigwa picha moja moja. Picha 24 ndizo sekunde moja.

Siri ya kazi hii imo ndani. Chini ya mpira na nguo mna mifupa ya chuma: gololi ndani ya kikombe, mfano wa nyonga ya mwanadamu. Kiungo kikilegea, mkono huanguka. Kikikazwa mno, hausogei. Fundi hana budi kuitafuta kati na kati.

Ray Harryhausen, Mmarekani aliyeyachezesha madubwana katika filamu ya Sindbad ya mwaka 1958, alianza utotoni nyumbani kwao. Baba yake, Fred, fundi wa mashine, alimkerezea viungo vya chuma, na akaendelea hata mwana alipokuwa mtu mzima mwenye jina. Mama akashona nguo za vikaragosi.

Nami? Mwanangu alikuwa na sanduku la vyuma uani, akiunda vijitu. Nikalitupa, nikihofia mtihani wake. Mtihani alifaulu, chuma hakukigusa tena.

Wazazi wenzangu, kabla hatujalalamika kwamba mafundi wametoweka Pwani, tukumbuke ni nani aliyetupa masanduku.